Fonti nene ya kona kali inapoharibu kazi: dalili, chanzo na tiba

Kila mwenye gereji, duka la vifaa vya ujenzi, timu ya mtaani au kampuni ya malori anataka jina lake liandikwe kwa fonti ya aina moja: nene, imesimama wima, kona zimekatwa kama chuma kilichotoka kwenye msumeno. Namwelewa. Fonti ya namna hiyo ina uzito, inajaza bango, na mpita njia anaiona kabla hata hajaisoma. Shida inakuja kazi ikishatoka: namba haisomeki, neno lina pengo katikati, stika imeinuka kwenye kona, geti limekatwa na matumbo ya herufi yote yamedondoka chini. Mteja analaumu mashine, mwenye mashine analaumu faili, na hakuna anayerudi kuiangalia fonti.

Mimi naanzia hapo. Herufi hizi zinategemea vitu viwili. Cha kwanza ni kona, ambayo kwa kawaida imekatwa kwa nyuzi 45, na ndiyo inayoleta ile sura ya kiwandani. Cha pili ni tundu, yaani nafasi iliyobaki ndani ya A, B, D, O, P, R na ndani ya tarakimu 0, 4, 6, 8 na 9. Kwa kuwa herufi ni nene, tundu lake ni dogo tangu mwanzo. Ukilipunguza kidogo tu linaziba. Karibu kila dalili iliyo hapa chini, ukiifuatilia, itakufikisha kwenye kona iliyopindishwa au tundu lililobanwa.

Ninaposema fonti hizi nina maana ya ukoo mpana. ITC Machine, iliyochorwa na Tom Carnase na Ronne Bonder mwaka 1970, ndiyo mfano ulio wazi kuliko zote: ni herufi kubwa tupu, na kila mahali ambapo herufi ya kawaida ingepinda, yenyewe imekatwa. Agency ilianza mwaka 1932 kwa mkono wa Morris Fuller Benton huko Marekani ikiwa na herufi kubwa pekee. David Berlow akaifufua mwaka 1990, akaiongezea herufi ndogo na uzito (yaani kiwango cha unene wa mistari) ulio mnene, na hiyo ndiyo Agency FB inayokuja na Microsoft Office, ingawa kona zake zimelainishwa. Kwa za bure kuna Big Shoulders ya Patric King, iliyochorwa kwa ajili ya jiji la Chicago, kuna Teko, Black Ops One na Saira Stencil One, zote ziko Google Fonts. Sura zao zinatofautiana lakini maradhi yao yanafanana.

Umeiweka lakini haionekani kwenye orodha

Angalia kwanza kama ulifungua zipu kabla ya kuinstoli. Fonti iliyobofywa ikiwa bado ndani ya zipu mara nyingi haikai. Kisha funga programu yote na uifungue upya.

Kama bado, kwenye Windows 10 na 11 ukibofya Install fonti inaingia kwenye folda ya mtumiaji mmoja tu, na matoleo ya zamani ya programu za usanifu hayatazami huko. Bofya kulia, chagua Install for all users. Sababu nyingine inawapata sana wanaopakua Google Fonts: ndani ya zipu kuna faili moja kubwa lenye neno VariableFont kwenye jina, na pembeni folda inayoitwa static. CorelDRAW ya zamani haiwezi kulitumia lile kubwa ipasavyo. Ingia kwenye static, chukua uzito unaoutaka, endelea na kazi.

Herufi ndogo hazitoki, au panatokea kisanduku

Kama unaandika herufi ndogo na zinatoka kubwa, fonti ni nzima. Nyingi kati ya hizi zilichorwa kwa herufi kubwa pekee, na hakuna dawa ya kutafuta hapo. Usichukue fonti ya namna hiyo kwa kazi yenye aya za maelezo.

Kisanduku ni jambo jingine. Kinamaanisha alama uliyoandika haimo ndani ya fonti. Kwetu alama inayoumia ni ile ya ng'. Chukua bango la kuoshea magari lenye maneno KUOSHA NA KUNG'ARISHA. Ukiandika kwenye Word, programu inageuza alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na fonti nyingi za bure hazina iliyopinda. Matokeo ni kisanduku, au mbaya zaidi, programu inaazima alama kutoka fonti nyingine, nyembamba na ya mviringo, ikakaa katikati ya herufi nene bila mtu kugundua hadi benna limeshachapwa. Bonyeza Ctrl+Z mara moja baada ya Word kuigeuza, iliyonyooka itarudi. Wanaotumia kitufe kilicho chini ya Esc, kile chenye mstari mdogo unaolala, waache kabisa: hiyo si alama ya ng' na kwenye fonti nene inaonekana kama uchafu wa wino.

Hata alama ikitoka sawasawa, bado itaacha pengo kubwa, kwa sababu herufi hizi zina pande wima na A haiwezi kuingia chini yake. Mimi huwa naichora mwenyewe: mstatili wenye nusu ya upana wa mstari wa wima wa G, kona moja ya chini nimeikata kwa nyuzi 45, umeanzia juu sawasawa na kichwa cha herufi na kushuka kama theluthi ya kimo. Halafu naivuta G na A ziisogelee kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Ni kazi ndogo sana, na neno linasimama kama neno moja.

Tarakimu zote zikikosekana, au baadhi ya herufi zikitoka na neno DEMO, una toleo la majaribio. Wachoraji wengi hutoa fonti bure kwa matumizi binafsi na kuficha tarakimu kwenye toleo hilo. Bango la biashara ni matumizi ya biashara, kwa hiyo inunue, au chukua fonti yenye leseni ya wazi ya OFL kama zile za Google Fonts, ambazo unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya kulipwa.

Maandishi yanaonekana yamevutwa

Hii ndiyo dalili ninayoiona kwenye mabango mengi kuliko nyingine yoyote, na inaniuma kwa sababu kazi yote iliyobaki huwa nzuri. Mteja ana kibao chenye upana wa mita tatu na neno fupi kama CHUMA. Msanifu anashika pembeni ya neno na kulivuta mpaka lijae. Ukilivuta kwa upana hadi asilimia 150, mistari ya wima inanenepa mara moja na nusu, ya mlalo inabaki ilivyokuwa, na ile kona ya nyuzi 45 inalala hadi karibu nyuzi 34. Jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu fonti linaona kwamba kuna kitu hakiko sawa, ila hawezi kukitaja.

Kinyume chake kinatokea kwenye maneno marefu. VIFAA VYA UJENZI NA UMEME yanabanwa hadi asilimia 70 ili yaenee kwenye mstari mmoja. Mistari ya wima inakonda, matundu ya A yanakuwa nyufa, kona zinasimama hadi nyuzi 55. Kiswahili kina maneno marefu na tunaandika na viunganishi vyetu vyote, kwa hiyo kishawishi cha kubana ni kikubwa.

Tiba iko kwenye kuchagua. Kama fonti ina upana zaidi ya mmoja, tumia mwembamba kwa maneno marefu na mpana kwa mafupi. Hizo zimechorwa upya na mchoraji ili kona na uzito vibaki sawa. Kama haina, badilisha ukubwa wa herufi na uongeze nafasi kati ya herufi na herufi. Neno fupi kwenye kibao kipana linapendeza likiachiwa nafasi. Au vunja mistari: VIFAA VYA juu kwa herufi za wastani, UJENZI chini yake kubwa, NA UMEME mwisho. Na zungumza na mteja kuhusu maneno. Wengi wanakubali kupunguza wakionyeshwa picha mbili pembeni kwa pembeni.

Ndugu wa tatizo hili ni kitufe cha B. Fonti yenye uzito mmoja haina uzito mnene zaidi, kwa hiyo ukibofya B programu inajipaka unene wake yenyewe kuzunguka herufi. Unene huo unaingia ndani ya tundu pia. Ukiona 8 imekuwa kipande kimoja cheusi, angalia kama B imewashwa, iondoe.

Namba ya simu inasomwa vibaya

Hapa ndipo mteja anapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye fonti iliyokatwa kona, herufi O, herufi D na sifuri zinakuwa ndugu wa karibu: zote ni mraba mrefu wenye tundu katikati, tofauti ni kona ngapi zimekatwa. B na 8 vivyo hivyo. S na 5 zinatofautiana kwa kona moja tu ya juu kushoto. 6, 8 na 9 zinatofautiana kwa uwazi mdogo ambao kwa mbali unaziba, zote zikawa 8. A yenye kichwa bapa inafanana na R.

Kwenye neno, jambo hili halisumbui sana, kwa sababu msomaji wa GEREJI anajua anachosoma. Namba ya simu haina msaada huo. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, simu inakwenda kwa mtu mwingine. Ikiwa ni Lipa Namba au Till, pesa inakwenda kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, andika jina la biashara kwa fonti yako nene, na namba kwa fonti nyingine iliyo wazi, isiyo nene kupita kiasi, ambayo 3, 6, 8 na 9 zake zina midomo mipana. Mteja akishikilia kwamba kila kitu kiwe fonti moja, angalia kama fonti ina sifuri yenye mkato ndani. Kwenye Illustrator utaipata kwenye paneli ya Glyphs. Gawa namba makundi ya 4, 3 na 3, na acha nafasi ya kutosha kati ya kundi na kundi. Mlolongo wa tarakimu kumi nene zilizobanana hausomwi na mtu aliye kwenye daladala inayotembea.

Umbali nao una hesabu yake. Watengeneza mabango wana kanuni ya siku nyingi: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi hukupa kama mita 3 za kusoma vizuri. Bango la kusomwa kutoka mita 30, ng'ambo ya barabara pana, linahitaji herufi za sentimita 25. Kwa fonti nene iliyobanana mimi huongeza, kwa sababu kanuni hiyo inafaa zaidi fonti zilizo wazi. Kabla ya kuchapa, toa nakala ndogo: punguza mara kumi, ibandike ukutani, simama mita 3 badala ya 30, na umwombe mtu ambaye hajaiona aisome namba kwa sauti. Asikusomee jina, akusomee namba.

Na kama bango ni la usiku, herufi nyeupe zenye taa nyuma kwenye uwanja mweusi, shusha uzito hatua moja au mbili. Mwanga unatambaa kuelekea gizani na kula matundu. Big Shoulders ina uzito kuanzia 100 hadi 900. Inayopendeza ikiwa 900 kwa rangi nyeusi juu ya njano, kwa taa iweke 700 na itaonekana nene vilevile.

Mapengo katikati ya neno

H, I, N na M zina pande zilizonyooka na hupangika zenyewe. Matata yako kwa T, L, V, W, Y na J. VYAKULA, MATAIRI, WATAALAMU: angalia V na Y, angalia T inavyosimama mbali na A, angalia L na A. Fonti nyingi za bure hazina jedwali la kurekebisha jozi hizi, na hata zikiwa nalo, katika hati nyingi za Word limezimwa. Bonyeza Ctrl+D, nenda Advanced, weka alama kwenye Kerning for fonts. Kwenye Illustrator jaribu Optical badala ya Auto, halafu malizia kwa mkono: weka kishale kati ya herufi mbili, shika Alt na ubonyeze mshale wa kushoto. Kwenye CorelDRAW tumia F10 na usogeze herufi moja moja.

Sipendi kusogeza kwa namba. Geuza maandishi juu chini kwenye skrini uache kuyasoma. Mapengo yatajitokeza yenyewe.

Faili limefika dukani na fonti imebadilika, au picha imekuja na ukungu

La kwanza ni kwamba kompyuta ya kule haina fonti yako ikaweka Arial. Geuza maandishi kuwa michoro kabla ya kutuma: Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator, Ctrl+Shift+C kwenye Inkscape. Tunza nakala ambayo haijageuzwa, kwa sababu baada ya hapo huwezi kusahihisha tahajia. La pili ni WhatsApp. Picha iliyotumwa kama picha inabanwa, na kubanwa huko kunaonekana kwanza kwenye kingo kali za rangi mbili, ambazo ndizo fonti yako yote. Tuma kama dokumenti, PDF ikiwezekana.

Plota inakata vibaya

Plota ni ile mashine ya kukata stika kwa kisu. Ukiona mistari inakatiza ndani ya herufi, kwa mfano mguu wa K umekatwa mahali unapoungana na mwili, chanzo ni vipande vilivyolaliana. Fonti za VariableFont huachwa na vipande hivyo makusudi. Kwenye skrini havionekani, plota inavifuata vyote. Geuza maandishi kuwa michoro, kisha unganisha: Weld kwenye CorelDRAW, Unite kwenye Illustrator.

Kona zikitoka za mviringo, au zikiwa na vijisikio vidogo vinavyochomoza, angalia mpangilio wa offset ya kisu. Ncha ya kisu cha plota haiko katikati ya mhimili wake. Visu vingi vya nyuzi 45 vimepishana kwa milimita 0.25, na mashine lazima ijue hivyo ili igeuze kisu vizuri ikifika konani. Ukiweka kidogo mno kona zinalainika, ukizidisha zinaota masikio. Fonti ya mviringo inaficha kosa hili, fonti ya kona inalianika, kwa kuwa O moja ya kona nane ina mageuzo kumi na sita ukihesabu ndani na nje. Punguza kasi pia, na kama kisu ni butu kibadilishe kabla ya kugusa mipangilio mingine.

Stika inayoinuka kwenye kona baada ya wiki chache ina sababu hiyohiyo mara nyingi: kona ilikatwa nusu ikavutwa wakati wa kung'oa mabaki.

Matundu yanadondoka kwenye bati

Mafundi wa Gerezani na Kamukunji wanaletewa kazi hii kila mara: jina la familia au la karakana likatwe kwenye bati kwa leza au plazima, likae getini. Fonti ya kiwandani inaonekana ndiyo inayofaa kuliko zote. Lakini tundu la A halijashikwa na kitu chochote. Mashine ikimaliza kuzunguka, kipande cha kati kinaanguka, na ulichobaki nacho ni umbo lenye uwazi mmoja mkubwa. Neno KARAKANA lina herufi nane, na tano kati yake zina tundu. Kiswahili kimejaa A, kwa hiyo ni nadra kupata neno litakalokuepusha.

Kinachohitajika ni madaraja, vile vipande vyembamba vinavyounganisha tundu na mwili wa bati. Fonti za stensili zimejengwa nayo. Mwaka 1937 zilitoka mbili za jina hilohilo la Stencil nchini Marekani, moja ya R. Hunter Middleton na nyingine ya Gerry Powell, na ya Powell ndiyo iliyoenea kwenye kompyuta. Hiyo ina mikunjo na haitakupa kona kali. Kwa sura ya kona nenda Saira Stencil One, Black Ops One au Big Shoulders Stencil.

Ukitaka kubaki na fonti yako, chora madaraja mwenyewe baada ya kuigeuza kuwa mchoro. Yaweke wima na yote yawe na upana mmoja katika neno zima. Usiyaweke kwenye kona iliyokatwa, kwa sababu utaua kile kilichokufanya uichague fonti hiyo. Yapitishe katikati ya mstari wa mlalo wa juu au wa chini. Kwenye A weka moja juu, na kwa kuwa miguu yake chini iko wazi, nafasi ile ya chini imeshikwa na bati tayari. Kwenye O, D na 0 weka mawili, juu na chini, la sivyo kipande cha kati kitaning'inia upande mmoja na kupinda joto likipanda. B na 8 zina matundu mawili kila moja, kwa hiyo daraja lianzie juu, lipite katikati, litokee chini.

Upana wa daraja usiwe chini ya unene wa bati lenyewe kwa leza. Kwa plazima ongeza zaidi, maana moto wake unakula njia pana na kuacha kingo zilizoyeyuka. Ikiwa bati litatumika kama kielelezo cha kupulizia rangi, hesabu ni ile ile, ila angalia pia kwamba daraja si jembamba kiasi cha kupinda likifutwa rangi kwa tambara. Kabla ya kukata neno zima, mwombe fundi akate R moja kwa ukubwa halisi kwenye kipande cha bati chakavu chenye unene uleule. R ina tundu, ina kona, ina mguu wa mshazari. Ikitoka salama, zilizobaki zitatoka.